Karoti zimegoma kuiva, kabichi imegeuka buluu

SWALI

Mshauri, salamu. Naomba unieleze kilichotokea kwenye sufuria yangu, maana sijui hata nianzie wapi kuitafutia dawa.

Nilitaka supu nzito ya mboga ambayo ukipakua unaona rangi zote. Nilitia kila kitu kwa pamoja kwenye maji baridi, lita 1 na robo: viazi gramu 500, karoti gramu 300 za vipande vinene, nyanya gramu 400 zilizokatwakatwa, kabichi ya zambarau gramu 250 na njegere mbichi gramu 200. Nikafunika na kuwasha moto wa chini kabisa, nikiamini joto la polepole halitaua rangi wala virutubisho.

Zaidi ya saa moja ilipita na maji yalikuwa yanatoa mvuke tu. Nikaongeza moto mpaka yakachemka, lakini hata baada ya kuchemka nusu saa karoti zilikuwa ngumu katikati na viazi vilikuwa vya kutafuna. Njegere zilikwisha kupoteza ukijani, zimekuwa rangi ya zeituni. Kabichi tu ndiyo ilipendeza, nyekundu iliyokolea.

Nimewahi kusikia kwamba bekingi soda hulainisha mboga na kurudisha ukijani, nikatia vijiko viwili vya chai. Povu lilipanda likamwagikia jiko, kabichi ikageuka buluu na mchuzi ukawa wa kijivu. Njegere hazikurudi. Karoti zimelainika nje tu, ukizibonyeza juu zinamong'onyoka na moyo bado mgumu. Mchuzi una ladha ya sabuni. Mwisho nikachota nusu ya supu, viazi vikiwa vingi humo, nikaisaga kwenye blenda ili iwe nzito. Imetoka kitu kinachovutika kama gundi.

Je, inalika? Kuna namna ya kuiokoa? Na nikirudia, nibadilishe nini? Pia sufuria, ambayo ni ya alumini, imekuwa nyeusi kwa ndani. Nisaidie.

Mpishi wa majaribio

JIBU

Ndugu mpishi wa majaribio, inalika, ila kwa masharti mawili. La kwanza ni sodiamu. Vijiko viwili vya chai vya bekingi soda ni kama gramu 10, na humo mna sodiamu inayokaribia miligramu 2,500. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya miligramu 2,000 kwa siku nzima. Sufuria yako inatoa kama mabakuli manane, kwa hiyo kila bakuli limebeba miligramu 300 hivi kabla hujatia chumvi hata punje. Kwa mtu mwenye afya si tatizo, mradi asiongeze chumvi nyingine. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo umpikie kitu kingine.

La pili ni muda. Rojo zito lililotoka kwenye blenda hutunza joto katikati kwa saa nyingi, na soda imeondoa ule ukali wa nyanya, yaani asidi yake, ambao angalau ungewabana bakteria kidogo. Ikiwa imekaa mezani zaidi ya saa 2 tangu ilipotoka motoni, imwage. Ikiwa uliigawa kwenye vyombo vifupi na kuitia kwenye friji mapema, ina siku 3 hivi.

Sasa kuiokoa. Usikamulie malimau ovyo kwenye sufuria. Chota kwanza kikombe kimoja cha mchuzi, weka kwenye bakuli jeupe na udondoshee maji ya limau kidogo kidogo huku ukikoroga. Rangi ya kabichi ya zambarau ni kipimo tayari: mchuzi wenye soda huwa buluu au kijani, ukikaribia katikati huwa zambarau, ukiingia kwenye ukali huwa mwekundu. Kikombe chako kikipita buluu na kufika zambarau, sufuria nzima inaweza kufuata njia hiyohiyo. Kikiwa cha manjano na kikibaki manjano, rangi imevunjika na limau halitairudisha. Hapo utakuwa unaokoa ladha tu.

Kwa hesabu, kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda huzimwa na mililita 70 hivi za maji ya limau, au kiasi hichohicho cha siki ya asilimia 5. Nyanya gramu 400 zina ukali wa kuzima karibu nusu kijiko tu. Ndiyo maana povu lilipanda kwa kishindo kisha likatulia: ukali wa nyanya uliisha, soda ikabaki. Kwa hiyo kikomo chako ni mililita 100 za limau kwa sufuria nzima, na huenda usifike huko. Ondoa sufuria motoni na hakikisha haijajaa zaidi ya theluthi mbili, maana povu litarudi. Tia kijiko kimoja cha chakula, koroga, subiri povu litulie, tazama rangi, onja. Simama mchuzi ukiwa zambarau inayoelekea wekundu. Ladha ya sabuni itakuwa imeondoka, na mahali pake patakuwa na ladha ya chumvichumvi, kwa sababu soda na limau vikikutana huacha chumvi ya aina yake. Hiyo dawa yake ni maji. Kutumbukiza kiazi kibichi eti kinyonye chumvi ni kupoteza kiazi. Kitanyonya mchuzi, chumvi ikiwa ndani yake, na utakaobaki ni mchuzi uleule.

Usiendelee kuichemsha kabla ya kutia limau. Bekingi soda ikichemka hutoa gesi na kugeuka kuwa soda yenye nguvu zaidi kuliko ilivyotoka kwenye paketi, kwa hiyo kila dakika ya moto inazidi kuumiza mboga.

Rojo la gundi halitarudi kuwa supu nyororo hata ulikoroge vipi. Lakini gundi ina kazi yake. Chuja mboga nzima zilizobaki, zipondeponde, changanya na rojo hilo, yai moja na chenga za mkate mpaka ushikike mkononi, kisha tengeneza vibonge bapa vya unene wa sentimita 1 na nusu na uvikaange. Vitashikana vizuri kuliko vibonge vingi vya mboga ambavyo husambaratika kwenye mafuta. Kama huna hamu ya kukaanga, zimua rojo hilo kwa mchuzi mara tatu ya ujazo wake, likorogee kwa mwiko na si kwa blenda.

Njegere ziache zilivyo. Ukijani ukishaondoka kwa namna hiyo, haurudishwi na soda.

Tuje kwenye chanzo. Wengi wangeilaumu soda, na kweli imeharibu mengi, lakini wewe uliitafuta soda kwa sababu karoti zilikuwa zimekwisha kugoma. Vilivyozigomesha ni moto mdogo na nyanya, kwa mpangilio huo.

Kinachoshikilia seli za karoti pamoja ni pektini. Mboga hulainika pale pektini inapoyeyuka, na kazi hiyo huanza kwa dhati joto likipita nyuzi 85 za Selsiasi. Lakini ndani ya karoti na kiazi kuna kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko, kinachoamka joto likiwa kati ya nyuzi 55 na 65. Kazi yake ni kunyoa vipande vidogo kwenye pektini, na pektini iliyonyolewa hushikana na kalsiamu iliyomo kwenye mboga na kwenye maji, ikafunga mafundo ambayo kuchemsha hakuyafungui kirahisi. Ukipitisha karoti haraka kwenye joto hilo, kimeng'enya hufa kabla hakijafanya lolote. Wewe ulikilea kwa zaidi ya saa moja. Maji yanayotoa mvuke bila kuchemka, mfuniko ukiwa juu na mboga zaidi ya kilo moja na nusu zikiwa baridi, ndiyo mazingira yake hasa. Viwanda vya mboga za makopo hufanya hivyo kwa makusudi ili vipande visipondeke kwenye kopo. Nawe ukitaka viazi vya saladi vinavyobaki na kona zake, viweke kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika 30, kisha vichemshe. Kwa supu ni hasara.

Juu ya hapo kulikuwa na nyanya. Nyanya zina pH (kipimo cha ukali: chini ya 7 ni asidi) ya 4.2 hadi 4.9, na kwenye ukali pektini huyeyuka polepole mno. Viazi na karoti vikianza kupikwa ndani ya nyanya huchukua muda mrefu hata kama moto ni mkali. Ukichanganya hayo mawili, unapata karoti zinazochemka nusu saa na bado zinakwaruza.

Soda hufanya kinyume: huvunja pektini kwa kasi. Lakini huingia kutoka nje, na kwenye kipande kinene huchukua muda kufika moyoni. Ndiyo maana kwako juu panamong'onyoka na katikati pamebaki vilevile. Ungeendelea, juu pangekuwa uji kabla ya katikati kuguswa. Tena mazingira hayo huharibu vitamini B1 na vitamini C, zile ulizokuwa unazilinda kwa moto mdogo.

Kuhusu njegere: klorofili, ile rangi ya kijani, ina chembe ya magnesi katikati yake. Joto na ukali vikikutana, magnesi hutoka na rangi hugeuka zeituni. Ukali huo si wa nyanya tu, mboga yenyewe hutoa asidi zake inapoiva, na mfuniko hurudisha sufuriani zile ambazo zingepaa na mvuke. Kwa kawaida mabadiliko huanza kuonekana mboga ikikaa motoni dakika 5 hadi 7. Zako zilikaa saa moja na nusu, zimefunikwa, ndani ya nyanya.

Kabichi ya zambarau ilipenda mazingira yaleyale yaliyoziumiza njegere. Rangi yake inataka ukali. Hapo ndipo penye mgogoro wa sufuria yako: njegere zinakimbia asidi, kabichi inaitafuta, karoti na viazi havitaki kuiona kabla havijaiva. Hakuna kipimo cha limau wala cha soda kitakachozipatanisha zikiingia pamoja. Zinapatana kwa zamu.

Ukirudia, tumia viungo vilevile na vipimo vilevile, ila gawa kazi hivi.

Anza na nyanya kwenye kikaango chao peke yao. Kitunguu kimoja na vijiko viwili vya chakula vya mafuta, kitunguu kikilainika tia nyanya, acha moto wa wastani dakika 15 hadi 20 mpaka zikauke na mafuta yajitenge pembeni. Weka kando.

Chemsha maji lita 1 na robo yakiwa na chumvi gramu 10, yaani karibu kijiko kimoja na theluthi mbili cha chai. Yachemke kwelikweli kabla ya kutia kitu. Kata viazi vipande vya sentimita 2 na karoti vipande vya sentimita 1, maana karoti huiva polepole kuliko kiazi cha ukubwa huohuo. Vitie pamoja na ufunike mpaka maji yarudi kuchemka, kusudi yapite haraka kwenye lile joto baya. Kisha punguza moto, yaendelee kuchemka kwa utulivu. Baada ya dakika 10 chomeka ncha ya kisu kwenye karoti. Ikiingia na kutoka bila kung'ang'ania, zimeiva. Ikikwama, ongeza dakika 3 na ujaribu tena. Nyanya zisikaribie mpaka kisu kipite.

Unene uupate hapo. Ponda theluthi moja ya viazi kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, au vitoe uvipitishe kwenye chujio. Kiazi kilichoiva kina seli zilizojaa wanga uliovimba. Ukikiponda, seli huachana zikiwa nzima, na unapata unga laini. Visu vya blenda huzipasua, wanga wote humwagika kwenye mchuzi, na ndiyo gundi uliyoiona. Kadiri unavyosaga ndivyo inavyovutika, kwa hiyo "dakika moja zaidi ilainike" ni kuongeza tatizo. Kama unapenda blenda, saga karoti na nyanya, viazi vibaki nje. Na usisage vya moto kwenye jagi lililojaa: theluthi moja tu, kizibo cha katikati ya mfuniko ukiondoe, funika kwa kitambaa na uanze kwa kasi ndogo. Mvuke uliofungiwa hurusha mfuniko na kuunguza mikono.

Sasa tia nyanya, koroga, acha dakika 5. Onja kabla ya kuongeza chumvi.

Kabichi iwe kwenye sufuria nyingine ndogo. Ikate nyembamba, milimita 3 au 4. Mafuta kijiko kimoja cha chakula, kabichi gramu 250, maji mililita 50 na siki kijiko kimoja cha chakula. Siki iingie mwanzoni. Ukiiacha, hata maji ya bomba yenye chokaa nyingi yanaweza kuibadilisha kuwa buluu bila soda yoyote. Funika dakika 12 ukitaka ibaki na ukavu wa kutafunika, au 25 ukitaka laini, kwa sababu hapa pia ukali unaichelewesha. Usiichanganye kwenye supu. Rangi yake huyeyuka kwenye maji, na kila kitu kitakuwa zambarau. Iweke juu ya bakuli wakati wa kupakua.

Njegere ni kazi ya dakika chache, ifanye watu wakiwa wanakaa mezani. Maji lita 2 yanayochemka kwa nguvu, sufuria wazi, njegere gramu 200 kwa dakika 2 hadi 3. Maji mengi huzimua asidi zake, na sufuria wazi huziacha zipae. Chuja na uzimwagie kwenye mabakuli. Kama bado kuna kusubiri, zitumbukize kwenye maji ya barafu hadi zipoe, kisha zichuje. Zile zilizogandishwa kiwandani zimekwisha kupitishwa kwenye maji moto, dakika moja inazitosha. Supu itakayobaki hifadhi bila njegere. Ukizichemsha tena ndani ya nyanya, kesho zitakuwa zeituni hata kama leo zilipikwa vizuri.

Bekingi soda iache kabatini kwa pishi hili. Ina nafasi yake kwenye maharagwe makavu yanayopikwa kwa maji yenye chokaa, na huko kipimo ni robo kijiko cha chai kwa lita moja, si vijiko viwili.

Sufuria haijaharibika. Alumini ikipata soda ya moto huwa nyeusi juu juu, na ukisugua kwa sabuni pekee utachoka bure. Jaza maji mpaka yapite alama nyeusi, tia vijiko viwili vya chakula vya siki au maji ya limau kwa kila lita, chemsha dakika 10 na uache yapoe kidogo. Mwaga, kisha sugua kwa sifongo laini. Weusi ukibaki, rudia. Ila nyanya za kukaushwa dakika 20 na kabichi yenye siki vipikie kwenye chuma cha pua au chombo kilichopakwa enameli, kwa sababu alumini tupu na ukali wa muda mrefu huacha ladha ya chuma kwenye chakula. Viazi na karoti kwenye maji ya chumvi vinaweza kubaki kwenye hiyo ya alumini, na ukifika wakati wa kuunganisha, hamishia supu kwenye kile chombo cha nyanya.